Sikuiua Gari ya Baba

Kwa Mzee Obonyo,
S.L.P. 88,
Kapkatet.

Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa kaka yangu Omollo,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani, ambako tangu asubuhi ukungu haujainuka kwenye majani chai na nguo nilizofua jana bado zinadondosha maji. Hujambo? Shemeji Valary hajambo? Na Maxine wetu, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka na pengo? Mara ya mwisho ulisema mgongo unakusumbua kwa sababu ya kusimama kazini siku nzima. Natumaini umepata nafuu, na kama hujapata, tafadhali nenda hospitali, usiwe kama wanaume wa nyumba hii.

Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Mama analalamikia goti kukiwa na baridi, lakini bado hakubali mtu mwingine akamue ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe amezaa ndama jike. Wiki jana mvua ya mawe ilipiga chai ya jirani yetu Kimeli, ukiitazama utadhani mbuzi wameitafuna. Ya kwetu iliponea chupuchupu.

Baba yupo. Anakwenda Kericho kusafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa kama kawaida, na hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Sasa kaa chini, kaka.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ukisikia sauti yangu imepanda utaniambia, "Bev, tulia kwanza," nami sitaki kutulia. Kwenye kundi la familia la WhatsApp nimetoka, kama ulivyoona. Barua hii nampa Moureen, mwalimu mwenzangu, anayesafiri kumtembelea dada yake huko Kanada. Ataitia posta akifika.

Uliandikiwa kwamba niliua gari. Uliandikiwa na Kepher, ndugu yetu wa tumbo moja, mbele ya watu thelathini na wanne, wakiwemo mashangazi wa Rongo ambao hawajawahi hata kuiona hiyo gari. Alisema mwanamke amekanyaga mafuta mpaka injini ikafa, afadhali gari iuzwe kwa vipuri. Wewe hukunipigia simu kuniuliza. Ulijibu maneno matatu: "Sawa, uzeni tu." Nimeyasoma hayo maneno mara nyingi kuliko ninavyosoma Zaburi.

Basi nisikilize, kwa sababu hakuna aliyenisikiliza.

Nitaanza na kosa langu, ili usije ukasema nimelificha. Mwezi wa pili iliwaka taa ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi, ile yenye picha ya injini. Nilimwambia Kepher. Akasema taa za gari za siku hizi huwaka ovyo, nisiwe mwoga. Nami nikanyamaza, kwa sababu gari ilikuwa bado inavuta. Hapo nilikosea. Taa ikiwaka inasema kitu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika usukani.

Kufikia mwezi wa nne ilikuwa inatetemeka ikiwa imesimama, mpaka kioo cha pembeni kinacheza. Ukiendesha kwa kasi inatulia. Ukipanda mlima inatoa moshi mweusi kama wa tanuri, na nguvu zinaisha. Nilimwambia tena Kepher. Akaniambia nijifunze kubadilisha gia.

Ijumaa ya tarehe 16 Mei nilikuwa nampeleka Baba. Tulivuka daraja la Chemosit vizuri, tukaanza kupanda. Katikati ya kilima nikakanyaga mafuta na hakuna kitu kilichokuja. Gari ikakohoa mara mbili, ikazima palepale barabarani, na nyuma yangu lori limejaa majani chai. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Baba alifungua mkanda wake polepole, akaushika mkono wangu.

Mungu ni mkubwa, yule wa lori alikuwa Kimeli, jirani yetu, anapeleka majani kiwandani. Alishuka, akaweka matawi barabarani kuonya wengine, akamwinua Baba hadi kwenye kiti cha mbele cha lori kama mtu anayebeba yai. "Mama mwalimu," akaniambia, "wewe baki na gari. Mzee nitamfikisha mpaka kwa mlango wa hospitali, hata majani yakinyauka." Na alimfikisha. Lakini walikuwa wamechelewa na mashine imepewa mgonjwa mwingine, kwa hiyo Baba aliketi kwenye benchi mpaka saa tisa ndipo akaunganishwa.

Kesho yake Kepher alikuja. Hakuuliza Baba aliamkaje. Alizunguka gari, akapitisha kidole ndani ya bomba la moshi, akanionyesha ule weusi kama vile mimi ndiye niliyeupaka. Akanyoosha mkono. "Lete ufunguo." Mbele ya Mama! Nina miaka thelathini na minane, nimeendesha miaka kumi na miwili bila kugonga hata kuku. Nilimpa kwa sababu Mama alikuwa anatazama chini na sikutaka agombanishwe na watoto wake. Gari ikavutwa hadi gereji ya Oketch mjini Kericho, yule rafiki yake waliyesoma pamoja. Jumapili tukiwa bado tunatoka kanisani, ule ujumbe ukaingia kwenye kundi.

Baada ya hapo nilikuwa nikipiga simu gereji naambiwa nimuulize Kepher. Nikimuuliza Kepher naambiwa injini imekufa, iko na mtu wa kuinunua kwa vipuri, na kaka Omollo amekubali. Nikisema tupate fundi mwingine aitazame, ananiuliza, "Wewe ni fundi?"

Na Baba, unajua alikuwa anafikaje Kericho? Hilo kwenye kundi hukulisoma. Bodaboda kutoka nyumbani mpaka barabara kubwa, kisha gari za abiria, kisha kupanda kwa miguu hadi hospitali. Kurudi ni hivyohivyo, na mtu akishasafishwa damu hana nguvu hata za kubeba kofia yake. Mara mbili alitapika kando ya barabara, mimi nimemshika kiuno. Baba yetu, Omollo. Aliyetulea kwa kuchochea boila ya kiwanda cha chai miaka thelathini, asiyewahi kutoka nje na shati lisilopigwa pasi.

Ijumaa ya tarehe 30 kulikuwa na tope. Pikipiki ikateleza pale kwenye kona ya kwa Kimeli, Baba akaanguka kwa ubavu juu ya ule mkono aliofanyiwa upasuaji wa kuunganishia mashine. Damu ilitoka, kaka. Nilivua leso yangu nikamfunga, nikakandamiza kwa nguvu zangu zote, nikamwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Muuguzi alituambia tungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Mama alinisihi nisikuambie, eti utashindwa kufanya kazi. Nimekaa na hilo wiki mbili. Sasa nakuambia. Ushindwe kazi siku moja.

Siku hiyo ndipo nilipomjua vizuri Chelangat. Mama yake na Baba husafishwa damu siku moja, na tumezoeana kwenye lile benchi, tunagawana chai ya chupa. Nilidhani ni karani. Kumbe ni fundi wa mitambo na magari katika kiwanda kimoja huko Bureti, na mikono yake ukiitazama vizuri ina alama za spana. Alinikuta nalia, nikammwagia yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza maswali kama daktari. Inatetemeka ikiwa imesimama, ikikimbia inatulia? Ndiyo. Moshi mweusi, si mweupe, si wa buluu? Mweusi. Inakula maji? Hapana. Oili inapungua? Hapana.

"Mwalimu," akasema, "injini iliyokufa haifanyi hivyo. Hiyo inanuka valvu ya EGR."

Sikujua hicho ni kitu gani, nawe pengine hujui, kwa hiyo nakueleza alivyonieleza. Gari ya dizeli haitoi moshi wake wote nje. Kuna kijimlango kinachorudisha sehemu ya ule moshi ndani ya injini, ili isiwake moto mkali kupita kiasi na hewa ya nje isichafuke sana. Hicho kijimlango kinatakiwa kufunguka na kufunga. Masizi yakijaa, kinakwama wazi. Basi injini inataka hewa safi, inapewa moshi. "Ni kama mtu anayepumua amejifunika blanketi kichwani," akasema. "Ukimwambia apande mlima, atapanda?"

Nikamuuliza kama ni mimi niliyesababisha. Hakunipamba. Alisema safari fupifupi za polepole huchangia, na kuacha injini ikinguruma bila kwenda popote huchangia zaidi. Nikakumbuka Desemba nzima Kepher alivyokuwa na hiyo gari, anaketi ndani yake pale sokoni na marafiki, injini inanguruma, wanasikiliza mpira. Sikusema kitu. Nakwambia wewe sasa.

Jumanne iliyofuata, Baba alipomaliza kusafishwa damu, nilimwambia apumzike hospitalini, Chelangat na mimi tupite gereji. Akakataa. "Nyara," akaniita, binti yangu, kama alivyokuwa akiniita zamani, "gari ni ya kunibeba mimi. Nitaenda kuiona."

Tuliikuta nyuma ya gereji, kuku wamelala chini yake. Oketch alipotuona alianza kujifuta mikono iliyokuwa safi. Akasema gari imeshauzwa, mwenyewe anakuja kuichukua Alhamisi, tumsubiri Kepher. Akatoka kando kumpigia simu. Baba akaketi juu ya tairi kuukuu, akasema, "Fungua boneti, mwanangu. Kutazama hakuuzwi."

Chelangat alichomeka kifaa chake chini ya usukani, akasoma, akanionyesha. Sikuelewa zile namba lakini niliona herufi tatu, EGR. Kisha akainama ndani ya boneti na tochi. Akakaa hivyo kwa muda. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Fundi," akamwambia Oketch, "bolti za hii valvu zinang'aa. Zimefunguliwa juzijuzi, zikafungwa. Nani alifungua?"

Oketch akatazama kuku.

Baba akamuuliza taratibu, "Wewe ulifungua, Oketch?"

Na hapo, kaka, ndipo nilipojua. Oketch alisema, "Mzee, nisamehe. Mimi nilifungua Jumatatu ile baada ya kuletwa, siku ya kwanza ya kuishika. Nikaona masizi. Nikampigia Kepher nikamwambia ni valvu tu, ni kuosha. Akaniambia nisimwambie mtu mambo ya valvu. Akasema niseme injini."

Kepher mwenyewe alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama langoni na ile beji yake ya ofisini shingoni. Alisikia yote.

Unajua alisema nini? Hakukana. Alinivuta kando akaninong'oneza, "Bev, haya ni mambo ya nyumbani. Tusiyajadili gereji."

Nilijibu kwa sauti ambayo hata wauza viazi wa ng'ambo ya barabara waligeuka. "Yangu uliyajadili mbele ya watu thelathini na wanne! Yako ndiyo ya nyumbani?"

"Nilikuwa nimeshaandika," akasema. "Watu walikuwa wameshajibu. Kaka alikuwa ameshajibu. Ningerudi kuwaambia nini?"

Ndiyo sababu yote, Omollo. Hakukuwa na nyingine. Alishaandika. Ili asionekane amekosea kuhusu dada yake, alikuwa tayari gari ing'olewe vipande na Baba aburutwe kwenye tope. Ningeelewa njaa. Ningeelewa hata wizi, mwizi huwa na haja yake. Hili sijui nilielewe vipi.

Baba alimwita aje mbele yake. Alimnyooshea ule mkono uliofungwa bandeji, hakuuinua sana kwa maumivu. Akasema, "Nimekwangua masizi ya boila miaka thelathini. Kila mwezi tunazima, tunaingia, tunakwangua, tunawasha. Sijaona mtu aliyeuza kiwanda kwa sababu ya masizi." Halafu akasema, "Mpe dada yako ufunguo." Kepher akanipa. Vidole vyake vilikuwa baridi.

Oketch, labda kwa kutaka kujirekebisha, akajitolea kukata kipande cha bati aizibe ile njia ya moshi moja kwa moja, ndivyo wengi wanavyofanya, tuondoke haraka. Chelangat akakataa katakata. "Ukiziba, moshi wote unawaendea wanaotembea nyuma," akasema. "Hii haikuvunjika. Imechafuka. Kitu kichafu kinaoshwa."

Akaivua. Ningetamani ungeiona. Ni kitu kidogo cha kutosha kwenye kiganja, na mdomo wake ulikuwa umejaa ukoko mweusi kama ule wa chini ya sufuria ya ugali ulioungua, kijimlango hakisogei hata kwa bisibisi. Aliukwangua na kijiti, akapulizia dawa ya kusafishia kabureta, akasugua na mswaki, akafuta, akarudia. Mimi nilishika tochi na kuokota ukoko kwa gazeti. Ghafla kile kijimlango kikafunga chenyewe, tak! Sijawahi kupenda mlio wa chuma namna ile. Akaweka gasketi mpya, akakaza bolti, akafuta ule ujumbe wa hitilafu kwenye kompyuta ya gari, akaniambia, "Washa wewe."

Niliwasha mimi. Likatoka wingu moja jeusi, kuku wakatawanyika, kisha injini ikatulia. Kioo cha pembeni hakikutikisika. Baba aliweka kiganja juu ya boneti akafumba macho, kama alivyokuwa akifanya kwenye mlango wa boila kusikiliza kama moto umekaa sawa. Nikaegemea usukani nikalia, na haikuwa furaha peke yake. Kazi ya alasiri moja, Omollo. Dawa ya chupa moja na mswaki. Kwa sababu ya kitu kama hicho Baba alianguka kwenye tope?

Yule mnunuzi alipokuja Alhamisi aliambiwa na Oketch arudi alikotoka. Oketch mwenyewe alikuja nyumbani Jumapili kumwomba Baba msamaha, na nimemsamehe, kwa sababu alikuja kwa miguu yake na hakutafuta maneno.

Kepher hajaja. Ila jioni ile ile ya Jumanne, kabla hata hatujafika nyumbani, aliandika kwenye kundi. Mama alinisomea kutoka simu yake: "Gari ya Mzee imepona. Mungu ni mwema." Mashangazi wote wakaitikia amina. Mungu ni mwema, ndiyo, lakini Mungu hakuficha hiyo valvu! Na jina la Chelangat halikutajwa, na langu lilibaki pale pale lilipoachwa, la mwanamke aliyeua gari.

Sasa nakuomba mambo mawili. La kwanza, uandike wewe, kwenye lile kundi, mahali pale pale ulipoandika "uzeni tu." Eleza ilikuwa valvu, eleza nani alijua tangu siku ya kwanza. Usiandike kwamba kulikuwa na kutoelewana. Mimi nilielewa vizuri sana.

La pili ni lako mwenyewe. Sikukasirika na Kepher kiasi nilivyokasirika na wewe, na hilo limenishangaza. Kepher namjua. Tangu utotoni akivunja kikombe anaficha vipande. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha, kwenye ule uwanja wa shule, ukaniambia nina mkono mzuri kuliko wako. Ulinipa kazi ya kumbeba Baba kwa sababu uliniamini. Ungenipigia dakika mbili tu. Ungeniuliza, "Bev, ilikuwaje?" Ningekueleza kuhusu taa, kuhusu moshi, kuhusu kilima. Hukuniuliza kwa sababu gani? Nataka unijibu hilo, na ujibu kwa kalamu, ili usipate nafasi ya kulifuta.

Kwa sasa gari inakwenda vizuri. Chelangat ameniagiza kila wiki niikimbize kidogo kwenye barabara kubwa, nisiiache ikinguruma bure, na nisipuuze taa tena. Mkono wa Baba unapona. Jana tulipitia Kapsoit kununua mbegu za sukuma wiki ambazo Mama alizitaka, na Baba alishuka mwenyewe akabishana bei.

Nisalimie shemeji Valary na Maxine. Nisalimie na yule Mkenya mwenzako unayesali naye. Mama anasema umvalishe mtoto soksi hata kama jua linawaka, na Baba anasema ule vizuri. Kimeli anakusalimu sana. Mungu wa Baba na Mama akulinde mchana na usiku, akupe kazi isiyouumiza mgongo wako.

Ukija Desemba, usimwambie Kepher akupokee. Nitakuja mimi, mpaka uwanja wa ndege wa Kisumu, na wewe utakaa nyuma na mizigo, kwa sababu kiti cha mbele ni cha Baba.

Mimi dada yako, ambaye asingekupenda asingekasirika hivi,

Beverly